Maswali yenu: Basi la miguu, konda wake mwanafunzi

Toleo lililopita tulichapa barua fupi ya mwanafunzi wa Tanga. Aliuliza wanafunzi wenyewe, bila kungoja mradi wala mfadhili, wafanye nini ili wenzao wanaokaa jirani na shule waache kugombania daladala na kupakiwa mishkaki kwenye bodaboda, watembee. Barua zilizoletwa na swali lile zimejaza meza. Tumechagua saba, na zilizofanana tumeziunganisha.

Shikamooni. Mimi ni kiranja wa mazingira, kidato cha tatu, Dar es Salaam. Tumebandika mabango na tumezungumza mstarini mara mbili kwamba kutembea ni afya. Wenzetu wanacheka. Wanaokaa kilomita moja na nusu kutoka shuleni bado wanaganda kituoni kila asubuhi. Tunakosea wapi?

Marahaba. Mmekosea hoja. Kijana wa miaka 15 asiyeumwa popote hana haja na hotuba ya afya. Kinachomsumbua asubuhi ni kuchelewa na adhabu ya kuchelewa. Basi zungumzeni naye kwa dakika.

Tafuteni wenzenu watano wanaopanda daladala na wanaokaa ndani ya kilomita 2. Kwa asubuhi tatu kila mmoja aandike nyakati nne: alipofunga mlango wa nyumbani, alipofika kituoni, alipopanda, na alipopita geti la shule. Asubuhi tatu zinazofuata watembee, waandike nyakati mbili tu, ya mlango na ya geti. Zile nne za daladala ni za lazima, kwa sababu ukimuuliza mtu safari yake ni ya muda gani atakutajia dakika za kukaa ndani ya gari. Za kusimama kituoni haziingizi kwenye hesabu. Na mwanafunzi husimama kuliko abiria mwingine yeyote: nauli yake kwa miaka mingi imekuwa Sh200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili ya hapo, na konda anaijua hesabu hiyo kuliko mwalimu wenu wa hisabati. Atachukua wanafunzi wawili watatu, waliobaki wangoje gari la nyuma.

Kijana anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda kilomita 4.5 hadi 5 kwa saa. Kilomita moja na nusu inamchukua dakika 18 hadi 20, na dakika hizo hazibadiliki kwa foleni wala kwa konda. Anayepanda daladala huenda akatumia dakika 5 kufika kituoni, 15 kungoja na 7 kwenye gari, yaani 27. Kesho yake atangoja 5, keshokutwa 30. Hapo ndipo pa kubonyeza: mtembeaji anajua atafika saa ngapi kabla hajatoka.

Matokeo yaandikeni kwenye karatasi moja ya manila, safu mbili, muibandike karibu na geti badala ya yale mabango. Kama kwa mmoja wa watano daladala imeshinda, andikeni hivyo hivyo na mwacheni apande. Karatasi inayokubali kushindwa mahali pamoja huaminiwa kwingine kote.

Afya itajeni mara moja, kwa tarakimu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuuchangamsha mwili. Kwenda na kurudi kilomita moja na nusu, kwa hatua za haraka, ni kama dakika 40 za hizo. Inatosha.

Kuhusu pesa kuweni na akili. Sh400 kwa siku, kwa siku 20 za masomo, ni Sh8,000 kwa mwezi, na mtashawishika kuitangaza mbele ya wazazi. Msifanye hivyo. Wapo wanaotembea tayari huku nauli wanaila mihogo ya kukaanga saa nne. Siku mkitangaza, nauli itakatwa nyumbani, na wale waliokuwa watembeaji wenu bora watakuwa wa kwanza kurudi kituoni.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mwanza. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wako tayari kuwachukua wadogo njiani asubuhi. Tuanzeje, wawe wangapi, na nani anasimamia?

Salama, mwalimu. Mnachokitaka kina jina: basi la miguu. Wazo lilitolewa na David Engwicht wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, likafika Uingereza, na Waitalia wanaliita piedibus. Kwetu watoto wametembea kwa makundi tangu zamani. Lililo jipya ni ratiba, vituo na daftari, na bila hivyo vitatu kundi linabaki kundi tu.

Kwanza hesabuni. Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kila darasa linyooshe mikono kwa swali hili: "Leo umefikaje shuleni?" Msiulize "huwa unafikaje", kwa sababu mtoto atajibu anavyodhani mnapenda kusikia. Majibu yawe miguu, baiskeli, daladala, bodaboda, bajaji, gari la shule au gari la nyumbani. Andikeni pia kama kulinyesha. Jumatatu na Ijumaa ziacheni, mahudhurio yake huyumba.

Pili, chora ramani. Weka shule katikati ya karatasi, zungushia duara la mita 500, la kilomita 1 na la kilomita 2. Umbali mnaweza kuupima kwa simu, au kwa hatua: pimeni mita 20 uwanjani, mwanafunzi mmoja azitembee mara tatu, mpate wastani wa hatua zake. Mwenye hatua ya sentimita 60 atahesabu karibu 1,670 katika kilomita moja. Kila mtoto aweke alama ya kwao. Pale alama nane au zaidi zinapofuatana ndipo penye njia yenu ya kwanza.

Tatu, njia hiyo itembelewe na mtu mzima saa ile ile ya asubuhi, si saa tisa alasiri. Aandike kila anachokiona: mtaro usio na mfuniko, gereji inayotoa magari kinyumenyume, mbwa, kona isiyoona mbele, mahali pa kuvuka. Njia ya uchochoroni yenye mita 200 za ziada mara nyingi ni bora kuliko ya mkato inayopita kandokando ya lami.

Vituo viwe vinne au vitano, kila mita 300 hadi 400, mahali panapojulikana kwa jina: dukani, kwenye mwembe, msikitini. Sharti moja tu: pawe na nafasi ya watoto kumi kusimama nje ya barabara.

Ratiba ndiyo inayoharibiwa na wengi. Wakubwa hupanga kwa mwendo wao, wakasahau kwamba kasi ya basi ni ya mtoto wa darasa la kwanza. Kundi lenye wadogo huenda kilomita 3 kwa saa, yaani dakika 20 kwa kila kilomita. Ongezeni dakika 1 kwa kila kituo na 3 kwa kila barabara kubwa ya kuvuka. Njia ya kilomita 1.6 yenye vituo vinne na kivuko kimoja ni 32 na 4 na 3, jumla 39: mkiondoka saa 12:35 mnaingia getini saa 1:14. Ratiba hiyo ingefaa Dar. Mwanza jua huchomoza kama dakika 25 nyuma ya Dar, na Kigoma karibu dakika 40, ilhali saa za ukutani ni zile zile. Kwa hiyo njia zenu za Mwanza zifupisheni. Ya kilomita moja, vituo vitatu na kivuko kimoja, inachukua dakika 26. Mtatoka saa 12:48, na miezi mingi mwanga utakuwa umeshaanza kutosha. Hata hivyo wa mbele na wa nyuma wavae jaketi za reflekta.

Basi halisubiri. Dakika 2 zikipita kituoni, linaondoka. Likimngoja mmoja leo, wiki ijayo wote watachelewa, na wazazi waliowaamsha watoto mapema wataacha kuwaamsha. Mdogo aliyeachwa arudi nyumbani aletwe na mtu mzima. Asikimbilie kundi, maana mtoto anayefukuzia wenzake havuki barabara kwa macho, anavuka kwa miguu.

Kuhusu idadi, mwanafunzi mkubwa mmoja aangalie wadogo wanne, na kundi lisizidi watoto 20. Kundi lenye darasa la kwanza hadi la tatu liwe na mtu mzima, hata kama viranja wenu ni hodari. Mtoto wa miaka 12 anaweza kumshika mwenzake mkono, ila hawezi kupima kasi ya lori, na hilo si jukumu la kumbebesha. Anayetangulia mwiteni dereva, wa mwisho konda. Shuleni wote watataka kuwa dereva, lakini kazi ngumu ni ya konda: ana orodha, anahesabu vichwa kila kituo na kila baada ya kuvuka, na hakuna anayeruhusiwa kuwa nyuma yake. Mpeni aliye mtulivu. Getini anakabidhi daftari kwa mwalimu wa zamu, na aliyepanda asipofika, asitoke kwenye orodha bila maelezo.

Wengine hutumia kamba ya mafundo kwa wadogo sana, mita 6, fundo kila sentimita 60, kila mtoto ashike lake. Inasaidia. Isifungwe mkononi wala kiunoni, maana akianguka mmoja atawavuta wote.

Mwisho, mchana. Darasa la kwanza na la pili hutoka mapema kuliko wakubwa, kwa hiyo basi la asubuhi halina wa kurudi nalo. Shule nyingi hupanga asubuhi vizuri zikasahau hili, na mtoto aliyekwenda akilindwa anarudi peke yake jua la utosi. Kama hamna wa kuwarudisha, mwambieni mzazi mapema kwamba basi lenu ni la kwenda tu.

Salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, Mbagala. Binti yangu mkubwa anataka waache gari la shule watembee na wenzao. Ni kilomita 1 tu, lakini kuna barabara kubwa katikati. Nimkatalie?

Mama, hofu yako ina msingi, na hatutakuambia kilomita 1 ni fupi wakati katikati yake kuna malori. Anza na kivuko. Kama hakuna mahali ambapo magari hulazimika kupunguza mwendo, kwa taa, kwa tuta au kwa askari, jibu la leo ni hapana. Kazi inayofuata ni kupatengeneza mahali hapo, tutaifikia.

Kwa nini mwendo ndio kila kitu? Dereva mwenye kilomita 30 kwa saa, akimwona mtoto, anahitaji kama mita 13 kusimama, ukichanganya sekunde moja ya kushtuka na breki zenyewe. Kwenye kilomita 50, ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi Tanzania, anahitaji kama mita 28. Barabara ikiwa imelowa, zaidi. Mtoto aliye mita 20 mbele, wa kwanza anasimama kabla hajamfikia. Wa pili anampiga.

Kama kivuko kipo, kuna mambo ambayo binti yako na wenzake wayafanye mpaka yawe mazoea. Pasipo na njia ya miguu, watembee upande wa kulia wa barabara, magari yawajie usoni, mmoja nyuma ya mwingine. Wasivuke mbele ya daladala iliyosimama kushusha. Wangoje iondoke, kwa kuwa inawaficha wasionwe na inawaficha wasione. Watazame kulia, kushoto, kulia tena, huku wakiendelea kutazama wakiwa katikati.

Na wasivuke kwa mstari mrefu. Hili hukosewa hata na walimu. Barabara ya mita 7 mtoto huivuka kwa sekunde 6 hivi. Watoto 20 wakivuka wawili wawili kama mkia wa panya, wa mwisho anaingia barabarani wakati wa kwanza ameshamaliza, na dereva aliyengoja sekunde kumi ameanza kunguruma. Wajipange kwenye ukingo kumi mbele na kumi nyuma, wakigeukia barabara, wavuke kwa pamoja kama ukuta. Muda unapungua karibu nusu.

Hatari nyingine ni gari la pili. La kwanza linasimama kwa heshima, la nyuma linadhani limeharibika, linalipita. Anayewavusha asimame usawa wa ukingo wa gari lililosimama, achungulie njia ya pili, ndipo atoe ishara. Mkono wa dereva anayewaita wavuke si ruhusa, kwa sababu dereva yule haoni kilicho nyuma yake.

Pasipo na kivuko, andikeni barua. Mjue kwanza barabara ni ya nani, kwa kuwa barua nyingi hufia kwenye ofisi isiyohusika: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mijini na vijijini chini ya TARURA. Kwa majirani zetu wa Kenya, ulizeni kama ni KeNHA, KURA au KeRRA. Barua ipitie kwa mwalimu mkuu na serikali ya mtaa, nakala kwa kikosi cha usalama barabarani. Iambatanishwe na hesabu ya wanafunzi wenyewe: kwa asubuhi tano, kati ya saa 12:30 na saa 1:30, watoto wangapi wamevuka na wapi hasa. Ombeni kitu kimoja chenye jina, kama tuta na alama za pundamilia mbele ya geti, si "usalama uboreshwe".

Mabadiliko madogo yanafanya kazi, na ushahidi uko hapa hapa Dar. Amend, shirika la usalama barabarani, lilikagua barabara za kuzunguka shule za msingi, likaweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi vya kutenga wapita njia na magari. Kuna mahali geti la shule lilihamishiwa upande wenye barabara tulivu. Majeraha yalipungua kwa hadi asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo, SARSAI, ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha taasisi ya World Resources Institute. Kuhamisha geti ndilo tunalolipenda zaidi, na ni ajabu jinsi linavyosahaulika: wakati mwingine ni fundi mwashi wa wiki moja.

Hamjambo. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu, Nakuru. Tulianzisha shindano la gredi kwa gredi: wanaotembea wengi wanapata kikombe. Mwezi wa kwanza lilifana, wa pili watoto walikuwa wakishuka kwenye nduthi (bodaboda) kwenye kona ya shule na kuingia kwa miguu. Wa tatu likafa.

Hatujambo, mwalimu. Kikombe ndicho kilichowafundisha udanganyifu. Ukihesabu watembeaji wangapi, gredi yenye watoto wa karibu imeshashinda kabla ya kuanza, na yule anayetoka kilomita 7 amegeuzwa mzigo wa wenzake. Akishuka kwenye kona anaisaidia timu.

Sasa ule ujanja wa kona ufanyeni kuwa sheria. Chagueni steji iliyo mita 800 hivi kutoka shuleni, yenye njia salama. Anayetoka mbali akishukia hapo na kutembea kipande cha mwisho, dakika 10 hadi 12, amehesabiwa sawa na aliyetoka nyumbani kwa miguu. Msongamano wa magari na nduthi mbele ya geti nao unapungua, na hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu.

Mashindano kama mnayataka, kila gredi ishindane na hesabu yake ya mwezi uliopita. Kadi moja kwa mtoto: karatasi ya manila ya A4 inakatwa kadi nane, kila kadi ina visanduku 20, vinatobolewa na mwanafunzi wa zamu kwenye geti. Zawadi isiwe pipi wala pesa. Iwe kitu kinachohusu kundi lenyewe, kwa mfano kadi ikijaa unapata zamu ya kuwa dereva au konda, au wa kwanza kuchagua uwanja saa ya michezo. Mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu asipewe msamaha wa kutoshiriki. Njia ya kundi ichaguliwe kwa kipimo cha kiti chake, na mkifanya hivyo mtagundua kwamba wadogo nao hawajikwai tena.

Shikamooni. Niko kidato cha pili, shule ya kata, mkoani Morogoro. Ni kilomita 4. Tunawahamasisha wenzetu watembee, lakini kuna waendesha bodaboda wanaowapa wasichana lifti kila siku bila pesa. Tukiwaambia waache, wanasema tuna wivu.

Marahaba, mwanangu. Umeona vizuri. Lifti ya kila siku ina nauli, ila hudaiwa baadaye, na anayedaiwa ni mtoto.

Msianze na kumsema aliyepanda. Mkimwita majina atapandia mbali zaidi, mahali msipomwona. Anapanda kwa sababu kilomita 4 peke yake, jioni, baada ya masomo ya ziada, ni nyingi. Ondoeni upweke huo kwanza: mahali pamoja pa kukutania, saa moja ya kuondoka, wasipungue watatu, na mwenye kuchelewa darasani angojewe na wawili, si mmoja. Mwendo wenu ni kama saa moja, kwa hiyo mhesabu kutoka jua kuzama kurudi nyuma: mkitaka kufika saa 12 jioni, geti mlivuke saa 11 kasorobo, ile robo ya ziada ni ya viatu na mvua. Mwalimu wa masomo ya ziada aonyeshwe hesabu hiyo.

Jibu la kumpa bodaboda liwe moja na msemaji awe mmoja, aliyechaguliwa: "Asante kaka, tunatembea pamoja." Basi, hakuna kusimama wala utani. Akirudia, shikeni namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC, muipeleke kwa mwalimu wa malezi. Mwalimu naye aende kijiweni kwake; vijiwe vina mwenyekiti na hakuna mwenyekiti anayetaka kijiwe kichafuke jina. Kukiwa na vitisho au kuguswa, pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, Tanzania na Kenya. Na kijiweni wakumbushwe kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30.

Asubuhi tuna mbwa, na masika ina mito barabarani. Tufanyeje? (wasomaji watatu, Bagamoyo na Tanga)

Mbwa: msikimbie, msimtazame machoni, mikono chini, wadogo waingie katikati, mrudi nyuma polepole. Akiuma au hata akiparuza, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Pilipili, mafuta ya taa na majani yaliyosagwa havitibu kitu. Mbwa aripotiwe kwa afisa mifugo wa kata.

Mvua: maji yanayokwenda kasi, yakifika sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake hamuoni mtaro. Kila njia iwe na njia ya pili ya mvua, iliyotembelewa kabla. Mtu mmoja, aliyetajwa kwa jina, aamue kufikia saa 12 kamili kama leo basi lipo, awatumie wazazi ujumbe. Wakiamua watano, watoto wawili watasimama kituoni peke yao. Radi zikianza mkiwa njiani, ingieni kwenye jengo, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Mwanangu yuko darasa la nne. Tangu aanze kutembea analalamika mgongo. Aache?

Pima begi kwanza. Muuza samaki mwenye mizani ya kuning'iniza atakupimia bure. Begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto: mwenye kilo 28, begi lisizidi kilo 2.8. Chupa ya maji ya lita moja peke yake imeshachukua kilo nzima, kwa hiyo ajaze nusu, nyingine aijazie shuleni kama maji yapo. Daftari za siku hiyo tu. Watoto wengi hubeba za wiki nzima kwa kuogopa kusahau, na dawa yake ni ratiba ya masomo iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha begi. Mikanda yote miwili mabegani, kitako cha begi kisishuke chini ya kiuno. Kama begi ni jepesi na mgongo bado unauma, mpeleke kwa daktari.

Wengi wameuliza waanze lini. Msianze wiki ya kufungua, ratiba za vipindi bado hazijatulia na nusu ya watoto hawajarudi. Wiki ya tatu ya Januari inafaa kwa ukanda wa pwani, mtapata karibu wiki sita au saba kabla ya masika. Anzeni na siku moja tu kwa wiki, Jumatano: Jumatatu mstari ni mrefu na walimu wana haraka, Ijumaa wapo wanaotoka mapema kwa ajili ya sala. Njia iwe moja. Ya pili ingoje mpaka daftari la konda wa kwanza liwe na Jumatano nne ambazo kila jina lililopanda limefika getini.